Uzi: Tundu la jino hufuata kitakacholiziba

Kabari (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu nauandika nikiwa nimekasirika, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Juzi kaja mama mmoja, analalamika chakula kinamkwama kati ya magego mawili ya chini na maji ya baridi yanamchoma. Nikachungulia: kizibo cheupe, kinang'aa, rangi imeshikana na jino, ukiwa na haraka unapita bila kukiona. Nikapitisha uzi wa meno, ukatoka umechambuka nyuzi nyuzi. Eksirei ikaonesha kivuli chini kabisa ya kizibo, pale sakafu inapokaribia fizi. Nikafungua faili nimjue fundi aliyefanya kazi hiyo. Mwandiko ulikuwa wangu, wa miaka minne iliyopita.

Nikachimba. Kizibo chenyewe kilikuwa kigumu, hakina neno. Nilipofika chini kikabanduka kipande kizima kama kifuniko, na chini yake dentini, lile tabaka la ndani la jino, imelainika, ya kahawia, ina unyevu. Kuta za tundu zimebana juu na kupanuka chini, sakafu bapa, na kwenye uso wa jino nilikuwa nimechimba mfereji mrefu kufuata mikunjo yote, hata iliyokuwa mizima. Tundu zuri kabisa la amalgamu, kile kizibo cheusi cha madini na zebaki. Nililijaza kompositi, kile cheupe kinachogandishwa kwa taa.

Basi hoja yangu ndiyo hii, mnipinge: kila kitu tunachozibia kina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayoamua uchimbe wapi, ukomee wapi na uache nini. Wengi wetu tulifundishwa umbo moja, mikono ikalizoea, vifaa vikabadilika, mikono ikabaki palepale.

Umbo lenyewe lina mwenyewe. Greene Vardiman Black, daktari wa meno Mmarekani, kwenye kitabu chake cha 1908 alipanga matundu kwa madaraja matano tunayoyatumia hadi leo (la sita liliongezwa na wengine baadaye), akaweka na hatua za kuchimba: kwanza mipaka, kisha umbo la kuhimili nguvu ya kutafuna, kisha umbo la kushika kizibo, na kuendelea. Watu humcheka siku hizi kwamba alikuwa mharibifu wa meno. Si haki. Black hakuwa na gundi. Amalgamu haishikani na jino hata chembe, hukaa kwa sababu tundu limeibana, kama kabari kwenye mpini wa shoka. Ndiyo maana kuta zinabana kuelekea juu. Tena ni ngumu lakini ni kama kigae: ikiwa nyembamba inapasuka, kwa hiyo lazima uipe kina cha milimita 1.5 hadi 2 hata kama uozo ni wa milimita moja. Na ukingo wake unataka pembe ya karibu nyuzi 90 na uso wa jino, maana ukiulaza unapata ulimi mwembamba wa amalgamu ambao utakatika kwa kutafuna. Kila mstari wa tundu lile ulikuwa na sababu. Sababu hizo zilikuwa za amalgamu.

Hata kule kupanua tundu hadi kwenye uso laini wa jino ili uozo usirudi pembeni, alikuwa anapigana na ugonjwa wa zama ambazo dawa ya meno yenye floridi haikuwepo.

Kompositi ni mnyama mwingine. Inashika kwa gundi, basi haihitaji kubanwa na kuta. Haihitaji kina cha kulazimisha. Ila inasinyaa ikiganda, asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake, na hapo ndipo tundu lenye umbo la kisanduku linapokuumiza: kuta tano zimeshikwa, uso mmoja tu uko huru, kila ukuta unavutwa kwake. Panapoachia ni pale gundi ilipo dhaifu zaidi, yaani sakafu ya chini karibu na fizi, ambako enameli, ganda gumu la nje la jino, ni nyembamba au imekwisha. Ndipo palipoachia kwa mama yule.

Karibuni. Waliokutana na haya waseme.

GegoLaSita

Daktari, shikamoo. Mimi bado mwanafunzi, nauliza nisije nikafelishwa: kwa hiyo kwenye kompositi kingo tunazilaza zote?

Kabari

Marahaba. Hapana, si zote. Enameli imejengwa kwa vijiti vidogo vilivyopangwa, na asidi tunayopaka kabla ya gundi hushika vizuri zaidi inapokuta ncha za vijiti kuliko ubavu wake. Meno ya mbele, laza ukingo. Unapata ncha nyingi na rangi inayeyukia kwenye jino bila mstari kuonekana. Juu ya gego usilaze, kwa sababu miteremko ya vilima vya gego tayari inakupa ncha hizo ukikata wima tu. Ukilaza unaacha kompositi nyembamba mahali panapotafunwa, itameguka.

Chini kwenye kisanduku, angalia kama umebaki na enameli isiyo na dentini nyuma yake. Hiyo ikwangue kwa kifaa cha mkono. Vijiti visivyoegemea kitu huvunjika, na kizibo kikiwa kimevishika kinaondoka navyo.

Mzee wa Zebaki

Kijana Kabari, umeandika vizuri ila umewaonea huruma sana hao wa gundi. Mimi nina amalgamu nilizoziweka ambazo zimeshawaona wajukuu wa wenyewe. Hazina urembo. Amalgamu unaiweka mahali penye unyevu kidogo inakusamehe. Inaposhika kutu, kutu ile ile inajaza ule mwanya wa pembeni, yaani inajiziba yenyewe kadiri inavyozeeka. Niambie kompositi gani inafanya hivyo. Mnachimba kidogo, sawa, lakini mnarudia mara ngapi?

Kabari

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwenye kutu sikubishii, ni kweli tupu. Na kwenye unyevu pia, ingawa ile yenye zinki ukiifinya huku mate yameingia inavimba baadaye, unaijua.

Tofauti ninayoiona mimi ni namna zinavyokufa. Amalgamu huwa inabaki, jino ndilo linapasuka. Kilima kizima kinaondoka kwa sababu tulikichimba chini kikabaki kama ukuta usio na nyumba. Kompositi huoza pembeni. La pili ninaweza kulitengeneza na jino likabaki. La kwanza mara nyingine ufa umeshuka hadi mzizini, kilichobaki ni koleo.

Mzee wa Zebaki

Marahaba. Hilo la ufa nakupa. Endelea.

Ganzi

Samahani wataalamu, mimi si daktari, nimeingia tu kusoma. Nina vizibo viwili vyeusi tangu utotoni. Nilisikia ndani yake mna zebaki. Niende nikavitoe?

Msasa

Mkuu, kama havijapasuka, haviumi na pembeni hapajaoza, viache. Ni kweli karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, lakini imefungamana na fedha, bati na shaba, si ile ya kimiminika inayotiririka. Mvuke kidogo hutoka wakati wa kutafuna, na mwingi zaidi hutoka wakati wa kukichimba. Kwa hiyo kukitoa kizibo kizima kwa hofu ya zebaki ni kujipa ile zebaki uliyokuwa unaikimbia, na juu yake unapoteza jino kidogo.

Ugomvi huu una umri kuliko sisi sote. Chama cha kwanza cha madaktari wa meno Marekani, kilichoundwa mwaka 1840, kiliwaapisha wanachama wasitumie amalgamu. Chama kilikufa 1856, amalgamu ikabaki. Siku hizi inaondolewa zaidi kwa ajili ya mazingira: Mkataba wa Minamata wa 2013, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulitaka matumizi yake yapunguzwe, na Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa daktari akiona mgonjwa fulani anaihitaji kweli. Kwa watoto walio chini ya miaka 15 na kina mama wajawazito au wanaonyonyesha waliizuia mapema zaidi, 2018.

Ganzi

Asante dada. Nimepumua.

GegoLaSita

Swali la pili. Wamenichanganya wodini. Mwalimu mmoja anasema uozo toa wote mpaka tundu liwe safi. Mwingine anasema acha. Nani mkweli?

Mzee wa Zebaki

Toa wote. Nani anafungia mwizi ndani ya nyumba?

Msasa

Mzee, mwizi akifungiwa ndani bila chakula wala maji, anafanya nini? Anakufa.

GegoLaSita, nikwambie ninavyofanya, maana hili likiandikwa kitabuni linaonekana gumu, mkononi ni jepesi. Chukua kijiko cha kukwangulia, chenye makali. Kwanza kwangua kuta za pembeni, pale dentini inapokutana na enameli, pande zote. Hapo hakuna huruma: kwangua mpaka usikie kijiko kinalia, ule mkwaruzo mkavu kama kucha kwenye ubao. Hiyo ni dentini ngumu, ndipo gundi itakaposhikia na ndipo mlango unapofungwa.

Kisha geukia sakafu, juu ya uhai wa jino, yaani nyama ya ndani yenye neva na damu. Safu ya kwanza inatoka yenyewe, laini na chepechepe kama udongo uliolowa, kijiko hakisikii kitu. Ya pili inabanduka vipande vipande vinavyofanana na ngozi; inakataa kidogo kisha inakubali. Ya tatu haitoki, kijiko kinaserereka. Kama tundu si refu, shuka mpaka hiyo ya tatu. Kama ni refu na eksirei inaonesha uhai wa jino uko karibu, ishia kwenye ile ya ngozi, na pale pembamba kabisa hata ya laini kidogo iache. Jopo la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilitoa makubaliano hayo mwaka 2016. Rangi usiifuate. Nimeshaona dentini nyeusi tii, ngumu kama jiwe, uozo wake ulikufa zamani.

Sharti ni moja: jino liwe hai na lisiwe limeanza kuuma lenyewe. Mgonjwa akikwambia linamwamsha usiku bila kuguswa, hayo mazungumzo ni ya mzizi, si ya kuziba.

Kabari

Nyongeza kwa Msasa. Wanaosema kuacha uozo ni uvivu wa siku hizi wakumbuke kwamba mbinu ya ART, ya kukwangua kwa vifaa vya mkono tu bila mashine na kuziba kwa glasi-ionoma (saruji inayoshika jino yenyewe), ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, mikononi mwa Jo Frencken. Shirika la Afya Duniani likaipigia debe 1994. Wengi wanaichukulia kama tiba ya mahali pasipo umeme. Mimi naiona kama somo la kwanza la kumsikiliza kijiko. Mashine inayozunguka mara 300,000 kwa dakika haikwambii kitu. Enameli, dentini ngumu, dentini laini, zote kwake ni siagi.

KitiChaPili

Mimi ni msaidizi, nimeshika bomba la kufyonza mate miaka mingi, niruhusuni niseme ninachokiona kutoka upande wangu wa kiti. Madaktari mnazungumza umbo la tundu, sawa. Lakini kazi ninazoziona zinarudi ni zile ambazo daktari alisema "leo tusiweke mpira wa kutenga jino, ni dogo tu". Pamba inalowa, fizi inatoa kitone cha damu, asidi imeshawekwa na kuoshwa, kitone kinagusa sakafu, daktari anapuliza upepo anaendelea. Naona. Sisemi, maana nitaambiwa nini?

Kabari

Dada, sema. Kuanzia leo sema kwa sauti. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yule, naapa: kwenye faili sikuandika kama niliweka mpira, na mimi huandika nikiweka.

Dentini iliyopitishwa asidi ikigusa mate au damu, kupuliza hakusaidii. Osha, rudia asidi, anza upya. Na kwenye kupuliza kwenyewe tuna kosa lingine. Enameli ikauke mpaka iwe nyeupe kama chokaa, hiyo sawa. Dentini usiikaushe hivyo. Asidi ikishaondoa madini zinabaki nyuzi zimesimama kwenye maji kama majani ziwani. Maji yakiondoka zinalala, gundi haipati pa kupenya. Acha ing'ae kidogo. Na asidi juu ya dentini isizidi sekunde 15, anza kuipaka kwenye enameli kwanza.

Michael Buonocore alipoanzisha jambo hili 1955 alitumia asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwenye enameli. Leo tunatumia 37 hivi na inatosha.

BitiButu

Mimi nataka kutubu pia, kwa kuwa naona leo ni siku yake. Niliwahi kumweka mgonjwa kizibo cha muda cha zinki oksaidi na mafuta ya karafuu, jino likatulia, baada ya wiki nikakitoa harakaharaka nikaweka gundi na kompositi juu ya mabaki. Nikawasha taa sekunde 20. Nikawasha tena. Safu ya chini ikabaki inanata kama ubani uliotafunwa. Mpaka mzee mmoja wa idara akaniuliza tu: "Ulizibia nini wiki iliyopita?" Yale mafuta, yujenoli, yanazuia kompositi isigande. Nikakwangua yote.

GegoLaSita

Nimeandika hiyo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Na taa nayo, nijuaje kama inafanya kazi? Ya kwetu inawaka bluu tu, sote tunaamini.

Kabari

Kuwaka bluu si ushahidi. Jaza kompositi kwenye kibomba kifupi, kirefu kama milimita 8 hivi, mulika upande mmoja tu kwa muda unaoutumia kila siku. Itoe, kwangua upande wa pili kwa kipande cha plastiki mpaka ufike pagumu. Pima kilichobaki, gawa kwa mbili. Hicho ndicho kina unachoruhusiwa kuweka kwa mara moja. Kwa kompositi ya kawaida uwe umepata kama milimita 2. Ukipata moja, usiilaumu kompositi kwanza. Angalia ncha ya taa, mara nyingi kuna ganda limegandia pale tangu mwezi jana.

Na kumbuka sakafu ya kisanduku iko mbali. Ncha ya taa inaegemea vilima vya gego, chini kuna milimita 6, 7. Mwanga unapungua njiani. Safu ile ya kwanza ya chini, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote, ndiyo inayopata mwanga haba kuliko zote. Ongeza muda.

Msasa

Kabari, mama yule umemzibia nini safari hii? Usituache njiani.

Kabari

Sandwichi. Nikaweka mpira, utepe wa chuma kuzunguka jino, kabari ya mbao chini ibane vizuri, kwa sababu utepe ukiachia chini kizibo kinamwagika nje na fizi haitatulia kamwe. Sakafu ya chini, ile iliyokosa enameli, nikapaka asidi hafifu ya poliakriliki sekunde 10, nikaosha, nikaweka glasi-ionoma hadi chini kidogo ya pale meno mawili yanapogusana. Juu yake gundi na kompositi, kwa safu za kulaza ubavuni, si bapa, ili kila safu isishike kuta mbili zinazotazamana.

Glasi-ionoma ni kitu ninachokiheshimu kila mwaka zaidi. Wilson na Kent, Waingereza wa maabara ya serikali London, waliichapisha 1972. Inaungana na kalsiamu ya jino yenyewe, inavumilia unyevu wa jino kuliko gundi, inatoa floridi. Udhaifu wake ni nguvu: ukiiacha peke yake ibebe kutafuna kati ya magego mawili ya mtu mzima, itakatika kiunoni. Pale chini, imefichwa, haitafunwi. Kila mmoja amepewa kazi anayoiweza.

Ile mifereji niliyochimba juu miaka minne iliyopita bila sababu, hiyo siwezi kuirudisha. Nimeijaza tu.

Mzee wa Zebaki

Umepima kugusana? Uzi wa meno ulilia?

Kabari

Ulilia, mzee. Uliingia kwa mlio na ukatoka mzima.

KitiChaPili

Na karatasi ya rangi ulimng'atisha?

Kabari

Nilimng'atisha, alama zikatoka vizuri, nikamwambia nenda. Kesho yake akapiga simu: "Daktari, nikifunga mdomo jino moja linatangulia." Karudi. Alama ilikuwa kubwa kama mbegu, juu ya kizibo. Siku ile ganzi ilikuwa bado imeshika nusu ya mdomo, aling'ata upande. Nilisugua nusu dakika.

KitiChaPili

Ndiyo maana huwa nawakalisha wima kwanza.